Saa tatu ya Mwanza, saa tatu ya Recife

Watu wakisikia kwamba muuguzi wa umri wangu anasoma Kiingereza kwenye simu, swali lao huwa moja tu: "Sista, unaondoka lini?" Wanadhani naufukuzia mtihani wa Kiingereza wa IELTS nipate alama za kuombea kazi Uingereza. Siwalaumu. Wapo wenzetu walioondoka kwa njia hiyo na sasa wanajenga ghorofa. Mimi siendi popote. Nina kijana kidato cha pili, nina nyumba Buswelu haijapigwa plasta, na Mwanza naipenda na mawe yake. Ninachotaka ni kukisema kile Kiingereza ninachokiandika kila siku.

Maana wodini tunaishi na lugha mbili. Mgonjwa namhoji kwa Kiswahili, na kama ni bibi wa Kisukuma mtupu naazima mdomo wa mwenzangu. Kisha nageukia faili na kuandika kwa Kiingereza: homa ngapi, dripu ya ngapi, amelalaje, mkojo kiasi gani. Naandika bila kusita. Lakini hicho ni Kiingereza cha faili, kimekatwakatwa, hakijui hata kumwambia mtu pole. Akija daktari mgeni kwenye raundi akaniuliza jambo ambalo halimo kwenye karatasi, labda kwa nini mama huyu anakataa upasuaji, jibu ninalo lote, na sababu zake za nyumbani nazijua, ila ninalo kwa Kiswahili. Hapo hutafutwa wa kutafsiri, na anayepatikana ni daktari kijana aliyemwona yule mama asubuhi hiyo hiyo kwa mara ya kwanza. Anaeleza kwa Kiingereza kizuri mambo asiyoyajua. Hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Tumesomeshwa hivyo. Tangu 1967 shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, halafu mtoto anaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Tulikariri. Biolojia niliikariri mpaka alama za mkato. Shuleni kwetu aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, kwa hiyo tukagundua kwamba asiyesema lugha yoyote havishwi kitu. Vile vibao vilitoa mabingwa wa kunyamaza, na mimi mmoja wao.

Mtandaoni nilianza na moja ya zile programu za michezo ya maneno. Ukipata inakupigia tarumbeta, usipoingia siku moja inakununia kama wifi. Nilijua kusema tufaha ni jekundu na paka yuko chini ya meza, nikajiuliza ni daktari gani atanihoji habari za paka. Nikaifuta. Haikuwa mbaya, ilitengenezewa mtu mwingine. Maneno ninayo. Nilichokosa kilikuwa masikio, na baada ya masikio, ujasiri.

Masikio niliyapata kwenye vipindi vya VOA, redio ya Sauti ya Amerika, vya wanaojifunza Kiingereza. Vilianza Oktoba 1959 kwa msamiati wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, na wasomaji waliosoma polepole kwa makusudi. Nilipakua sauti pamoja na maandishi yake kwa bando la usiku, lile la bei nafuu ambalo sisi wa zamu ya usiku tunalifaidi kuliko wote. Idhaa ilipozimwa Machi 2025 nilikuwa nimeshajaza simu. Kisha nikahamia BBC Learning English, huduma iliyoanza 1943, yenye vipindi vya dakika sita. Dakika sita zinatosha kabisa kati ya kupima presha ya mgonjwa mmoja na mwingine kuita.

Zoezi langu lilikuwa imla, ile ile ya darasa la nne. Sentensi moja, nasimamisha, naandika nilichosikia, nafungua maandishi nalinganisha. Hapo ndipo nilipoona ugonjwa wenyewe. Majina ya vitu niliyanasa yote: waziri, mafuriko, daraja, chakula. Vilivyopotea ni vile vineno vidogo vinavyoyaunganisha, vinavyoonyesha jambo lilishafanyika au lilikuwa lifanyike. Sisi kila silabi tunaipa haki yake, na mkazo wetu unajulikana unapokaa, silabi ya pili toka mwisho, basi. Mwingereza anakanyaga silabi moja kwa nguvu, mara ya mwanzo, mara ya katikati, na nyingine anazimeza. Halafu irabu. Zetu tano, na tano zile zile ndizo tunazoandika. Wao Uingereza wana sauti za irabu zipatazo 20 na herufi ni zile zile tano. Nilipolijua hilo niliacha kujiona mzito wa kichwa.

Baadaye nikaanza kusema sambamba na msomaji, sauti juu ya sauti, huku napiga pasi. Kijana wangu akapita sebuleni akacheka: "Mama leo unatema yai!" Nikamwambia alete daftari lake la Kiingereza tuone nani anacheka mwisho. Akaenda zake.

Ujasiri ndio ulikuwa kazi. Kwenye darasa moja la pamoja la mtandaoni tulipangwa wawili wawili tuwe tunaongea nje ya kipindi, nikaangukia mama mmoja wa Recife, Brazil, muuzaji kwenye duka la dawa. Mwanzoni nilisikitika. Nilitaka Mwingereza. Sasa nasema wazi kwamba Mwingereza angenirudisha kwenye kibao. Huyu mama Kiingereza chake kinachechemea kama changu, ila miguu inayochechemea ni tofauti. Mimi kwetu "yeye" ni yeye, mume au mke, kwa hiyo nikisimulia habari za mgonjwa namgeuza jinsia katikati ya sentensi. Yeye kwao hata meza ina jinsia, kwa hiyo ananidaka papo hapo: mgonjwa ni mama au baba? Kuna kosa moja lakini hatukuweza kudakana. Kwa Kireno, kama kwa Kiswahili, mtu ana miaka fulani, anaimiliki. Tukaambiana umri wetu hivyo hivyo kwa Kiingereza, tukaelewana vizuri mno, mpaka mwalimu alipotusikia akatuambia Mwingereza hana miaka, yeye ni miaka.

Na saa! Recife wako nyuma yetu kwa saa sita, na saa yetu ya Kiswahili nayo iko nyuma ya saa ya kimataifa kwa sita hizo hizo. Nikisema tuonane saa 3 usiku, kwake ni saa 3 alasiri, imeandikwa 3 ukutani. Hatuhesabu kitu. Nimewaeleza wenzangu wodini jambo hili mara nyingi kuliko wanavyopenda kulisikia.

Nilichojifunza kwake ni swali la pili. La kwanza mtu unaweza kuliandaa: unaandika jibu, unalifanyia mazoezi bafuni, unalitoa. Ila anayesikiliza kweli atauliza lingine, na hilo hukuliandaa. Yule mama hana huruma kwa hilo. Nikimwambia leo kulikuwa na foleni, anauliza kwa nini hawakuongeza mtu. Nikimwambia bajeti, anauliza nani anaipanga. Najikuta naeleza mpango wa zamu za wodi nzima kwa Kiingereza, jasho linanitoka, na hakuna wa kunivisha kitu shingoni.

Mwezi uliopita alikuja daktari mgeni. Kulikuwa na mama mwingine aliyekataa kisu. Nilieleza mwenyewe: dada yake alifia mezani miaka ya nyuma, na anamsubiri shemeji atoke Geita ndipo aseme ndiyo. Daktari akauliza: huyo shemeji akisema hapana? Nikajibu kwamba akisema hapana tutampigia mama yao mzazi, kwa sababu katika familia ile kauli ya mwisho ni ya bibi huyo, na namba yake ninayo. Viunganishi vilikuwa vimekaa upande, hilo nalijua. Daktari aliandika alichosikia, akasogea kitanda kinachofuata.

Bado barua pepe rasmi zinanishinda, na utani wao siupati hata ukirudiwa. Alhamisi ni zamu yangu kuchagua mada. Mwenzangu wa Recife wiki jana alichagua kanivali, nikabaki kusikiliza tu. Mimi nimechagua mafundi ujenzi na ahadi zao, maana ile plasta ya Buswelu nina ya kuisemea hata saa nzima.