Vineno vilivyojificha kwenye kifungu

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za kisheria. Nadhani ndiyo maana shoga yangu, saa tano usiku, alinitumia mimi ule ujumbe wa sauti badala ya wakili: "Eti mume akimlazimisha mkewe, sheria inaitaje?" Hakusema mke gani. Sikumuuliza.

Nilikusudia kumjibu kwa neno moja. Nikajikuta nakesha nasoma sheria za watu.

Nilichogundua ni kwamba ruhusa ya mume kumwingilia mkewe bila ridhaa aghalabu haijaandikwa waziwazi. Imejificha kwenye vineno. Uingereza, kwa sheria yao ya 1976, ubakaji ulikuwa kumwingilia mwanamke "isivyo halali" bila ridhaa yake. Kwa kuwa tendo la ndoa lilihesabiwa halali, mume akawa salama. Chimbuko lake ni jaji mmoja, Matthew Hale, aliyeandika kwamba mke akishaolewa amejitoa kwa mumewe, na ridhaa hiyo hawezi kuitangua. Hakutaja kesi wala sheria ya kumuunga mkono. Kitabu chake kilichapishwa 1736, yeye mwenyewe akiwa kaburini miaka 60, kikaja kuaminiwa kama msahafu. Hadi 1991, katika kesi iitwayo R dhidi ya R: mke alikuwa amesharudi kwa wazazi wake, mume akamfuata hukohuko. Baraza la Malodi, wakati huo mahakama yao ya juu kabisa, likaamua kwamba lile "isivyo halali" lilikuwa neno la ziada tu, halina kazi pale. Bunge likalifuta 1994.

Neno la ziada! Mimi nikiongeza neno kwenye tafsiri, mteja anairudisha kazi.

Marekani, jimbo la Nebraska lilianza kumwondolea mume kinga hiyo 1976, na 1993 majimbo yote yalikuwa yameshaligeuza kuwa kosa, kwa namna moja au nyingine. Poland iliwatangulia wote hao, tangu 1932. India ilipoandika upya sheria zake za jinai, zikaanza kutumika Julai 2024, ule msamaha wa mume ikauhamisha kutoka kitabu cha zamani hadi kipya. Ilimradi mke ametimiza miaka 18. Namibia ndiyo iliyonifurahisha: sheria yake ya 2000 inasema bila kuzunguka kwamba ndoa si utetezi. Burundi nayo, 2009, ilikubali kuwa ni kosa, ikalipangia siku 8 za kifungo. Siku nane.

Ya Kenya nusura initoroke. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaeleza ubakaji katika kifungu cha 3, wala hakuna neno juu ya mume. Unafunga kitabu umeridhika. Kumbe kule mbele kuna kifungu cha 43, kinachoeleza lini tendo kama hilo ni la kukusudia na kinyume cha sheria, na katika kifungu kidogo cha 5 pameandikwa kwamba hicho cha 43 hakiwahusu waliooana kihalali. Sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani inautaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, kwa hiyo mke anaweza kuomba amri ya ulinzi.

Na Kiswahili chenyewe hakikunisaidia kumjibu. Tunasema mtu kapewa unyumba, kanyimwa unyumba. Neno linamtazama anayedai.  Nilipojaribu kuandika "amembaka mkewe" nikaona hata vidole vyangu vinasita, mimi ninayeandika neno kubaka kila wiki.

Kesho yake nikampigia. Nilimwachia ya Tanzania mwisho. Nikamsomea kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu: ni ubakaji ikiwa mwanamke si mkewe, au ni mkewe aliyetengana naye, na hakuridhia.

"Rudia hapo kwa aliyetengana," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo nihame kwanza?"