Nati za Shangazi

Juzi umeme ulikatika nikiwa nimebandika chai. Nikawasha mshumaa, nikauinamisha nione birika limefikia wapi, tone la nta likaangukia kwenye chuma cha moto cha jiko la gesi. Moshi mwembamba ukapanda, na harufu yake ikanipeleka moja kwa moja Tanga, uani kwa Shangazi, nikiwa na kutu hadi viwikoni.

Shangazi ni yule aliyekuwa akiuza mishikaki barabarani. Na jiko ni lilelile la pipa, wengi wenu mmekula pembeni yake mtaani Ngamiani mkisubiri zamu. Pipa la lita 200 limepasuliwa kwa urefu, nusu ya chini inabeba mkaa, nusu ya juu ni kifuniko, limesimama juu ya miguu minne ya bomba iliyofungwa kwa bolti. Alilitengeneza marehemu mumewe, Bwana Reli, kwa vyuma chakavu vya enzi zake. Shangazi alipoacha kuuza, jiko likasukumwa nyuma ya nyumba, kifuniko kimefungwa, majivu ya usiku wa mwisho yamo ndani. Masika na vuli zikapita juu yake.

Majivu ndiyo yaliyolimaliza. Majivu ya mkaa yana chumvichumvi, yanavuta unyevu hewani na kuukumbatia, na chuma kilicho chini yake hakikauki hata kiangazi. Ongeza marinedi ya ndimu na chumvi iliyodondoka miaka yote hiyo, ongeza upepo wa bahari. Bawaba ziligoma, kijimlango cha hewa kiligoma, miguu haikutoka. Tulipojaribu kuinua kifuniko, jiko zima liliinuka nacho.

Alinipigia simu.

“Baba, njoo unifungulie jiko.”

“Unarudi barabarani, Shangazi?”

“Nimekwambia njoo unifungulie. Sijakwambia narudi wapi.”

Nikaenda. Nikamchukua na fundi, kijana anayechomelea mageti mtaa wa pili, akaja na grinda begani. Akamwamkia Shangazi, akalizunguka jiko mara moja, akatoa hukumu.

“Bi mkubwa, hizi nati zimeshakufa. Nakata zote sasa hivi. Mpya dukani shilingi 500 tu.”

“Ukikata, usinidai hela yako.”

Fundi akanitazama. Mimi nikamkonyeza, maana nilishaelewa, au ndivyo nilivyoona. Zile zilikuwa nati za Bwana Reli. Mjane hataki ziguswe na grinda. Nani angebishana na jambo la namna hiyo? Nikamnong’oneza fundi kwamba hapa kuna historia, akaiweka grinda chini kwa heshima, na kuanzia hapo tukaifanya kazi ile kwa sauti za chini, kama tuko matangani.

Historia yenyewe ilianza kutusumbua mapema. Spana ya 13 ilicheza, ya 12 haikuingia. Bwana Reli aliajiriwa enzi za reli ya Afrika Mashariki, kabla jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na vyuma vya Waingereza vilipimwa kwa inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Pengo la sehemu tatu za kumi za milimita halionekani kwa jicho, lakini kwenye nati iliyoshika kutu linatosha kuzila pembe zote sita. Fundi akatoa spana malaya, ile inayopanuliwa na kubanwa kufuata nati (jina si langu), Shangazi akaikataa pia. Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa, ndani yake spana za inchi zimeviringwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Hazikuwa na doa la kutu.

Sitawachosha na siku nzima. Kwanza brashi ya waya, kwa sababu kutu iliyo nje ya nyuzi za bolti lazima itoke, la sivyo nati itaipanda na kukwama tena. Halafu mafuta ya taa, yaliyopimwa kwa kizibo cha soda, kwani Shangazi bado ana kinyongo na ushuru waliopandisha mwaka 2011 ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Halafu nyundo ndogo, kugonga kichwa cha bolti polepole ili kutu ipate nyufa na mafuta yapate njia. Halafu kungoja. Kungoja ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayowashinda mafundi wa kulipwa kwa siku. Bawaba zilikubali baada ya Adhuhuri. Kijimlango cha hewa kilitoka kwa koleo na matusi mawili ya fundi, ambayo Shangazi alijifanya hakuyasikia. Miguu mitatu ikafuata.

Ikabaki nati moja, ya mguu wa nyuma, palepale chini ya tundu la majivu.

Hiyo ilikuwa imevimba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, kwa hiyo nati iliyoliwa haipwayi kama mtu angedhani. Inabana. Fundi alitundika bomba kwenye mkono wa spana na kuning’inia nalo. Bolti haikujibu. Akapendekeza achomelee nati kubwa juu ya ile ndogo, ipate joto na pembe mpya kwa mpigo mmoja. Ni ujanja mzuri, nimeuona ukifanya kazi kwenye malori.

“Nati juu ya nati,” Shangazi akasema. “Mtu akiona atasemaje?”

Sikujiuliza ni mtu gani huyo.

Akaagiza jiko lake dogo la kupikia. Akachagua mkaa mwenyewe, ule mzito unaolia ukigonganishwa, akawasha, akapepea hadi ukawa mweupe. Tukalilaza jiko kubwa ubavu, kona yenye nati ikaingia kwenye mdomo wa jiko dogo. Fundi aliikwaruza kwanza kwa tupa kuhakikisha haina zinki, maana moshi wa zinki unaleta homa. Ilikuwa chuma kitupu. Tukapanga makaa kuizunguka nati tu, bolti ikae mbali na moto kadiri inavyowezekana, ili nati itanuke kwanza. Shangazi akakaa kwenye kibao, kipepeo mkononi, na kuanza kupepea ule mpepeo wake wa mishikaki, kiwiko kimetulia, kifundo tu ndicho kinachokwenda.

Jua lilikuwa limeshaanguka nyuma ya mnazi wa jirani, na uani kulikuwa na kivuli cha kutosha kuona rangi. Nati ilikuwa nyeusi, ikawa nyeusi zaidi, halafu pembe moja ikaiva wekundu wa ndani, wekundu hafifu wa kuona ukiangalia pembeni. Wekundu ukatambaa pembe hadi pembe. Fundi akashika spana. Shangazi akamzuia kwa kipepeo.

“Bado.”

Akayaondoa makaa kwa koleo, moja moja, bila haraka yoyote. Wekundu ukafifia. Akachukua mshumaa ambao haukuwashwa, akaugusisha pale nati inapokutana na bolti. Nta ikalipuka kimoto kidogo. Akakipuliza, akangoja kidogo, akagusisha tena. Safari hii haikuwaka. Iliyeyuka, ikazunguka shingo ya bolti yote, ikang’aa pale kwa sekunde moja, halafu ikazama. Tuliiona ikizama. Akagusisha tena, ikazama tena, na kutoka upande wa pili wa nati kikachungulia kitu cha kahawia kinachochemka, nta na kutu pamoja.

“Imekunywa,” akasema. “Haya, kaza.”

“Nikaze?” fundi akauliza.

“Kaza kwanza. Imezoea wewe kuifungua.”

Fundi akaweka spana ya inchi, akasukuma kulia. Ikalia, tk. Sauti ndogo, lakini sote watatu tuliisikia na hakuna aliyesema neno. Akarudisha kushoto. Ngriii, robo mzunguko. Akarudisha kulia kidogo, Shangazi akaongeza nta, kushoto tena, nusu mzunguko. Vumbi jekundu likamwagika juu ya kandambili zangu. Mwisho fundi akaacha spana, akaizungusha kwa vidole vilivyofungwa kitambaa, nati ikamwangukia kiganjani, akaicheza mkono kwa mkono kwa joto huku akicheka.

Nyuzi zilikuwa nzima. Ilipopoa, Shangazi alizipangusa kwa pindo la kanga, akairudisha nati kwenye bolti kwa kidole kimoja, ikapanda hadi mwisho, akaishusha, akaipandisha tena.

Nikamwuliza amejulia wapi.

“Nilikuwa nikimpelekea chakula karakana,” akasema. “Unadhani nilikuwa naangalia ukuta?”

Nilirudi Dar nimeshiba hadithi. Mke wangu alihadithiwa, wenzangu kazini walihadithiwa: mama wa makamo, nati za marehemu, mshumaa. Kila nilipoisimulia, Bwana Reli alizidi kupendwa.

Mwezi haujaisha Shangazi akauza jiko.

Mnunuzi alitoka Pangani na gari la kukodi. Fundi ndiye aliyenisimulia, kwa kuwa aliitwa kusaidia kupakia. Anasema Shangazi alimsimamisha yule bwana pale uani, akamfungulia nati moja baada ya nyingine kwa vidole, akafungua kifuniko kwa mkono mmoja, akatelezesha kijimlango cha hewa kwenda na kurudi. Kisha akataja bei. Bwana akajaribu kupunguza, akaonyeshwa nati tena. Spana za inchi zilikwenda pamoja na jiko, kwa bei yake nyingine.

Nikampigia. Nilitaka kujua kuhusu marehemu, kuhusu kumbukumbu, kuhusu ile siku nzima ya kunong’ona.

“Sasa baba, nimuuzie mtu kitu kisichofunguka?”

“Mbona hukuniambia ni la kuuza?”

“Ningekwambia, mngekata.”

Fundi, ambaye siku hizi hutoza zaidi kwa kazi anayoiita ya mshumaa, anasema Bi mkubwa ni mfanyabiashara, basi. Dada yangu anakataa. Anasema siku gari lilipoondoka alikuwapo, na kwamba Shangazi aliingia ndani akafunga mlango hadi Magharibi. Nimemwuliza Shangazi mwenyewe. Alisema alikuwa anahesabu hela.