Mlembe, mhuni anayewaongoza warina asali
Mlembe ni mhuni kweli: hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake huwaua makinda wa humo kwa ncha kali ya mdomo. Kwa mrina asali, hata hivyo, ni rafiki wa thamani. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio wa "brrr-hm". Utafiti wa 2016 ulionyesha mlio huo hupandisha nafasi ya kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Mfuate huku ukiendelea kuita. Akitulia karibu na mti mmoja, kagua mashimo ya juu. Tanguliza moshi, kabla ya shoka. Ukimaliza kurina, mwachie masega juu ya majani: anachotaka ni nta. Wahadzabe mara nyingi huificha au kuichoma, abaki na njaa aongoze tena.