Ufa Ulionyamaza

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umenipaa kwa ajili ya ndugu yangu wa tumbo moja. Miaka minne hatujagombana. Miaka minne pia hatujazungumza, zaidi ya salamu za msibani. Nami nilikuwa nikiiita hali hiyo amani.

Jumanne nilimsaidia binti yangu somo la jiografia, mabamba ya ganda la dunia, yaani vipande vikubwa vya mwamba vinavyosogea polepole. Mengine huachana, kama chini ya Bahari ya Atlantiki, mwamba ulioyeyuka ukipanda kuziba pengo. Mengine hugongana, na ndivyo Himalaya ilivyoinuka. Kilichonishika ni yale yanayopishana ubavu kwa ubavu, kama kwenye ufa wa San Andreas, California.

Pale mabamba hupishana kwa kadiri ya sentimita 5 kwa mwaka. Ziko sehemu za ufa zinazoteleza kidogo kidogo, na huko matetemeko makubwa ni nadra. Nyingine zimekabana, mwamba umeng'ang'ania mwamba. Juu kimya. Lakini mabamba hayajasimama. Mwamba unazidi kupindwa, mwaka baada ya mwaka, ukiweka nguvu akiba. Aprili 18, 1906 sehemu ya kaskazini ilifyatuka. Uzio uliovuka ufa ulikatwa, kipande kimoja kikasogea zaidi ya mita 2 kutoka kwa mwenzake, na San Francisco ikabomoka na kuungua. (Sisemi waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine, Yesu alisema vivyo hivyo juu ya watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu.)

Binti akaniuliza, "Mama, mbona umenyamaza?"

Ndugu zangu, tumekabana! Tunaimba kwaya moja, tunashiriki meza moja ya Bwana, na mtu hamwangalii mwenzake usoni. Tunajisifu eti tumeyamaliza kwa busara. Tumeyamaliza wapi? Mtume Paulo hakutukataza kukasirika. Alitupa mwisho wa hasira, kuchwa kwa jua. Neno dogo linalouma leo, likasemwa kwa upole, ni ule mtelezo wa sentimita chache. Ukilizuia, halipotei. Watoto wako ndio watakaokuwa wamelala juu ya ufa siku utakapofyatuka. Na Bwana alipokuambia uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako, hakuuliza nani alianza.

Jana nilimpigia ndugu yangu. Hakupokea. Leo nitapiga tena kabla jua halijachwa. Mniombee.