Siku moja katikati ya malipo

Leo si siku ya malipo. Malipo ya mwisho ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, tulipokea wiki tano zilizopita, yajayo yamebakiza kama wiki tatu. Ndani nina shilingi 3,200 taslimu, nusu debe la mahindi, mihogo iliyoanikwa, na majike matatu ya kuku, mawili yanataga. Nimeichagua siku hii kwa makusudi. Siku ya malipo kila mtu anaiona: kina mama tumejaa kwa wakala na vitambulisho mkononi, muuza mabeseni ametandaza bidhaa zake kando ya njia. Siku kama hii ya leo hakuna anayekuja kuitazama, na mimi naona ndiyo yenye habari.

Tunaishi Wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Nyumbani tuko watano: mimi, mama mkwe, binti yangu wa kidato cha pili, kijana wa darasa la tano, na kitinda mimba wa miaka minne ambaye baba yake alifariki yeye akiwa bado tumboni. Kifungua mimba wangu anaendesha bodaboda Kasulu mjini, na hii simu ya kupangusa ninayoandikia ni yake ya zamani. Mwaka 2021 kaya yetu iliingia kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa TASAF. Kila baada ya miezi miwili tunapata shilingi 52,000.

Saa 11 alfajiri

Nawasha moto. Uji wa mahindi wenye karanga za kutwanga kidogo, sukari hakuna, na hakuna anayelalamika. Binti anaondoka saa 12 kasoro, maana sekondari ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu. Naangalia miguu yake kila asubuhi. Viatu vile tulivinunua malipo mawili yaliyopita, na bado vinashika.

Kijana wa darasa la tano anachota maji kwanza, ndoo moja tu, kisha anakwenda. Zamani msimu wa palizi angekuwa anakwenda nami kwenye kibarua, jembe begani, daftari limebaki kwenye mkeka. Mpango unataka mtoto awepo shule angalau siku 80 katika kila 100 za masomo. Wengine waliona ni amri ya kutubana. Mimi nilishukuru, kwa sababu ilinipa la kumwambia mwanangu siku moyo wangu ulipokuwa unalegea, nikitazama magugu na kutamani mikono miwili zaidi.

Kabla ya kutoka napita kwa mama mkwe. Nainama, napiga makofi taratibu kama tulivyofundishwa, "Mwakeye mama," naye anaitika, na salamu zetu Waha hazina haraka: umelalaje, watoto wamelalaje, kuku wamelalaje. Mkono wake wa kushoto unauma tangu juzi. Tutaona.

Saa 1 asubuhi

Shamba letu ni ekari moja na nusu. Maharage ya msimu wa pili yameanza kutoa maua, kwa hiyo jembe haliingii humo tena. Ukipalilia yakiwa na maua unayapukutisha kwa mikono yako mwenyewe. Nimeyapitia kwa macho tu, nikageukia mihogo.

Hapa naomba nieleze kitu ambacho mtu asiyelima anaweza asikione. Maharage yanataka palizi mapema, wiki mbili tatu baada ya kuota. Na wiki hizo hizo ndizo wenye mashamba makubwa wanatafuta vibarua. Kama huna kitu ndani, asubuhi yenye nguvu unampa mwenye shamba, alasiri unaingia shambani kwako umechoka, na jua linazama hujamaliza mistari mitatu. Nilifanya hivyo miaka mingi. Shamba langu lilikuwa linasubiri zamu, na zamu yake ilifika magugu yakiwa yamepita maharage kwa kimo. Halafu tukivuna kidogo watu wanasema ardhi imechoka.

Mwaka huu nilipalilia wiki ya tatu, yote. Mahindi ya kula nilikuwa nimeyanunua siku ya malipo, debe moja, shilingi 17,000. Debe hilo ndilo lililonibakiza shambani kwangu.

Watu husema pesa ya kupewa inaleta uvivu. Nimeifanyia hesabu mara nyingi: 52,000 kwa siku 60 haifiki 900 kwa siku, na sisi tuko watano. Hakuna anayelala kwa pesa hiyo. Lakini inakuja, na najua inakuja lini. Kibarua hakikuwa hivyo. Unaamka hujui kama leo utaitwa. Binti yangu husema mimi siku hizi naongea kuhusu mwezi ujao, zamani nilikuwa naongea kuhusu jioni. Nilikaa kimya aliposema hivyo, nilikuwa sijagundua.

Saa 4

Pikipiki imesimama pembeni ya shamba. Kijana wa kununua mazao, mtu wa mbali kidogo, ana adabu. "Shikamoo mama." Ameyatazama maharage, akatikisa kichwa kwa kuyasifu, akataja bei: shilingi 15,000 kwa debe, pesa mkononi leo, yeye atakuja kuchukua tukivuna. Msimu uliopita niliuza debe shilingi 32,000, wiki sita baada ya kuvuna.

Nikamwambia, "Mwanangu, haya hayauzwi bado."

Maneno mepesi, ila mwaka 2020 sikuwa nayo. Mume wangu alikuwa kitandani, na tuliuza madebe sita yakiwa hivi hivi, maua. Tulipovuna yalitoka saba. Mnunuzi alikuja na magunia yake, akapima yake sita, hakutuibia hata punje. Likabaki debe moja, la kula na la mbegu pamoja. Mwenye njaa hana miiko. Mwaka ule tulikula mpaka mbegu.

Kijana alipoondoka kwangu alikwenda moja kwa moja shamba la pili, kwa jirani yangu. Niliwaona wakizungumza muda mrefu.

Saa 6 mchana

Nimempitia jirani njiani. Amekaa chini ya mgomba, kitenge amekikunja mapajani kama mtu anayehesabu. Mume wake alijikata mguu kwa panga wiki iliyopita, kidonda kimeanza kunuka, anatakiwa kumpeleka hospitali mjini. Nauli, dawa, na chakula cha siku mbili huko: ametaja shilingi 40,000. Yule kijana amemwambia atarudi kesho asubuhi na pesa kamili, madebe matatu yaandikwe.

Jirani huyu hayupo kwenye mpango. Siku majina yaliposomwa kwenye mkutano wa kijiji, lake halikuwemo. Nyumba yake ina bati, mume alikuwa mzima, anapasua mbao. Bati lile lilinunuliwa mwaka mmoja mzuri, na miaka mizuri haikurudi tena. Tunachota maji kisima kimoja, tunalima udongo mmoja. Tofauti yangu na yake leo ni kwamba mimi najua wiki tatu zijazo kuna nini, yeye hajui. Sijawahi kuzoea kumtazama usoni siku nikitoka kwa wakala.

Nimemwambia asikubali mpaka jioni. Sikumwambia kwa nini, kwa sababu sikuwa na hakika.

Chakula cha mchana kilikuwa sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese na ugali wa muhogo. Mama mkwe amekula vizuri. Mkono nimemkanda kwa maji ya moto. Tulikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ile ya shilingi 30,000 kwa watu sita kwa mwaka. Niliilipa kwa kuweka kidogo kidogo malipo matatu mfululizo, na ndiyo iliyomtibu nimonia. Yeye husema bila kadi ile tungekuwa tumeshaweka msalaba.

Saa 9 alasiri

Siku ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tuko wanawake 14, tunakutana kila wiki chini ya mwembe. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na anayetunza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Mimi ni katibu kwa sababu niliishia darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka.

Hisa moja ni shilingi 1,000. Mimi huweka moja kila wiki, kwa hiyo kwenye ile 52,000 shilingi 8,000 zina mwenyewe kabla hazijafika. Mahindi nimeshayataja. Malipo yaliyopita, 9,000 zilikwenda kwenye madaftari, soksi na mchango wa chakula cha shuleni. 7,000 dawa ya wadudu wa maharage. 6,000 sabuni, chumvi na mawese. 5,000 deni la dukani. Mwenye duka ananikopesha siku hizi bila kuguna. Ninapomwambia nitalipa tarehe fulani, anaiamini tarehe.

Tumehesabu pesa ya sanduku: 61,000. Kisha nikasimama nikaeleza habari ya jirani.

Haikuwa rahisi. Mwenzetu mmoja alisema si mwanachama, na akaukumbusha mkutano kwamba katiba yetu tuliiandika wenyewe. Ana haki. Mwingine akauliza, mume asipopona nani atalipa? Mwingine, mzee kuliko sote, akasema yeye mwaka wa njaa aliuza maharage ya maua, na kwamba mtu akishauza hivyo mara moja, msimu unaofuata anauza tena, kwa sababu anaanza akiwa hana mbegu. Akakaa. Watu wakanyamaza kidogo, upepo unapita kwenye majani.

Mwisho tulikubaliana hivi: kikundi hakimkopeshi, kinanikopesha mimi. Hisa zangu zinaruhusu, mkopo wetu unafika hadi mara tatu ya hisa za mtu. Shilingi 40,000, riba shilingi 5 kwa kila 100 kwa mwezi. Nimesaini mwenyewe kwenye daftari ninaloandika mwenyewe. Na mwenyekiti akasema jirani akitaka kujiunga mzunguko ujao, aje.

Mkono wangu ulitetemeka wakati wa kusaini, siwezi kuficha. Hizo ni zaidi ya robo tatu ya malipo yetu ya miezi miwili.

Saa 11 jioni

Nimepitia kisimani. Njia ya kwenda huko tuliichimba sisi walengwa wa mpango kwenye miradi ya ajira ya muda, ile inayotoa kazi hadi siku 60 kwa mwaka kwa kaya. Kabla ya hapo masika ikinyesha unateleza na ndoo kichwani. Sasa nakutana na watoto wanashuka wanakimbia, na nusu yao nyumba zao hazimo kwenye orodha yoyote. Maji na njia havikuulizwa majina.

Kijana amerudi shule, amenionyesha hesabu, 14 kwa 20. Binti amefika akiwa amechoka, akaanza kumenya mihogo bila kuambiwa.

Saa 1 usiku

Nimemweleza mama mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umejifunga kamba ya mwenzio." Sikuwa na jibu. Nikamwambia malipo yajayo yakija nitalipa sehemu, na jirani akivuna atalipa iliyobaki, na akichelewa tutauza jike moja la kuku. Akauliza, "Na asipovuna?" Nikasema maharage yake nimeyaona leo, yana maua mengi. Akainamisha kichwa. Baadaye, nikidhani amelala, akaniambia kutoka gizani nimpelekee jirani na chumvi ya kumwoshea mumewe kidonda usiku huu, kesho ni mbali.

Saa 2 usiku

Nimetoka na tochi ya simu, chumvi kwenye kijifuko, noti nimezifunga kwenye pindo la kanga. Jirani alikuwa nje, bado hajapika. Nilimpa mkononi. Alizihesabu mara mbili, si kwa kutoniamini. Vidole tu havikutulia. Nikamweleza za nani na zinarudi lini, tarehe kwa tarehe, akarudia nyuma yangu kama mtoto anayekariri. Mume wake kutoka ndani akauliza ni nani. Hakumjibu mara moja.

Akaniambia, "Dada, sisi tunaondoka na gari la alfajiri. Yule kijana akija kesho, mwambie sipo."

"Na maharage akiyauliza?"

"Mwambie yapo shambani."