Petro Alikwisha Kujua, Kisha Akajitenga

Somo: Wagalatia 2:11–14

Neema na amani ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi, wapendwa.

Kuna swali ambalo waumini huulizana ibada ikishakwisha, wakiwa wamebaki wachache: je, kumbagua mtu wa rangi nyingine si sehemu tu ya ubinadamu wetu? Wapo wanaoliuliza ili wapate pa kujificha. Lakini wengi wanaoliuliza ni watu waliochoka. Wamehubiriwa upendo tangu utotoni, wameona uovu huu ukizikwa na kizazi kimoja na kufufuliwa na kingine, na sasa wanataka kujua kama kupambana nao ni kupambana na maumbile yenyewe. Watu hao wanastahili jibu zito kuliko kuambiwa tu kwamba sisi sote ni wamoja.

Tuanze na mtoto mchanga, kwa kuwa ndiye anayeitwa kutoa ushahidi. Husemwa kwamba hata mtoto humkataa asiyefanana na mama yake. Watafiti wamelichunguza jambo hilo. Mwaka 2005 walitoa matokeo ya kuwaonyesha watoto wenye umri wa siku chache tu picha za nyuso za watu wa rangi mbalimbali, na watoto hao hawakupendelea uso wowote kwa ajili ya rangi yake. Walipofika kwa watoto wa miezi mitatu, macho yalikawia zaidi kwenye nyuso za rangi waliyoizoea nyumbani. Mwaka uliofuata watafiti wengine waliwachunguza watoto wa umri huohuo, wa asili ya Ethiopia, waliokuwa wakilelewa Israeli kati ya watu weusi na weupe. Hao hawakuelemea upande wowote. Wapo pia watu wa Korea walioasiliwa utotoni na familia za Ufaransa: walipokuwa watu wazima, walizitambua nyuso za Wazungu vizuri kuliko nyuso za Waasia, ambazo ndizo zinazofanana na zao.

Mtoto, basi, hazaliwi na orodha ya watu wa kuchukiwa. Anazaliwa na macho yanayojifunza upesi mno, na somo lake la kwanza ni wale anaowaona karibu naye. Tena, kuutazama sana uso uliouzoea si kumdharau mwenye uso mwingine. Kutoka kwenye mazoea hadi kwenye dharau ni mwendo mrefu, na mtoto hauendi peke yake. Anashikwa mkono na mkubwa.

Hata hivyo, sitaki kuwafariji kwa nusu ya ukweli, maana upo ushahidi mwingine unaochoma zaidi. Mwanasaikolojia Henri Tajfel alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland. Katika Vita Kuu ya Pili alitekwa na Wajerumani akiwa askari wa jeshi la Ufaransa, akanusurika, na vita vilipokwisha alikuta familia yake imeangamizwa. Baada ya hapo alijitoa kutafuta mahali ambapo ubaguzi huota mizizi. Karibu na mwaka 1970, mjini Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule wa miaka 14 na 15 katika makundi mawili, wakaambiwa wamegawanywa kwa kufuata mchoraji waliyempenda kati ya wawili. Kwa kweli waligawanywa kwa kubahatisha tu. Hakuna aliyejua wenzake wa kundi ni akina nani, wala hawakuwa na ugomvi wowote. Walipopewa nafasi ya kuwagawia wenzao pesa, waliwapendelea wa kundi lao. Hata walikuwa tayari kundi lao lipate pungufu, ilimradi lile lingine lipate pungufu zaidi.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Walikubali hasara ili tu jirani abaki nyuma. Hapa nakiri kwamba kuna kitu ndani yetu, na Maandiko hayakutuficha habari zake: Kaini hakupungukiwa na kitu kwa sadaka ya Habili kukubaliwa. Tunapenda kuwa na "sisi", na tukishampata "sisi" tunaanza kumtafuta "wao".

Lakini angalieni pia ni nini kilichowagawa wavulana wale. Si rangi, si damu, si lugha. Ni jina la mchoraji! Hamu ya kuwa na kundi tumezaliwa nayo. Ukuta upite wapi, hilo huamuliwa na watu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu picha za timu mbili zinazobishana, kila timu ikiwa na weusi na weupe. Kwa kawaida mtazamaji humkumbuka msemaji kwa rangi ya ngozi, na wengi walidhani tabia hiyo haiondoki. Timu zilipovikwa fulana za rangi tofauti, watazamaji walianza kuwapanga wasemaji kwa timu zao, na rangi ya ngozi ikapungua nguvu, katika muda mfupi wa jaribio moja. Kama rangi ya ngozi ingekuwa mpaka tulioandikiwa moyoni tangu kuumbwa, isingesogezwa na fulana.

Sasa twende Antiokia.

Petro hakuwa mtu asiyejua. Kwenye Matendo 10 alionyeshwa maono yaleyale mara tatu, akaingia nyumbani kwa Kornelio akida wa Kirumi, na kinywa chake mwenyewe kikasema, "Hakika natambua ya kuwa Mungu hana upendeleo." Alirudi Yerusalemu akalaumiwa kwa kula na wasiotahiriwa, akasimama akajitetea. Kisha akaja Antiokia, kanisa ambalo kati ya walimu wake walikuwamo Simeoni aitwaye Nigeri, na Lukio wa Kirene, mji wa Afrika ya Kaskazini. Huko alikula pamoja na watu wa Mataifa bila shida. Ndipo walipofika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, naye Petro akarudi nyuma, akajitenga.

Sisemi kwamba mgawanyiko wa pale ulikuwa wa rangi ya ngozi. Ulikuwa kati ya Myahudi na asiye Myahudi, maana watu wa zama zile hawakuupanga ulimwengu kwa ngozi kama ulivyokuja kupangwa baadaye. Lakini jinsi ubaguzi unavyofanya kazi imeelezwa pale waziwazi kuliko mahali pengi. Paulo anataja sababu ya Petro kujitenga, na sababu hiyo si maumbile. Ni woga: "akiwaogopa waliotahiriwa." Damu ya Petro haikubadilika kati ya mlo mmoja na mwingine. Waliobadilika ni waliokuwa wakimtazama.

Nami naona hapo ndipo ulipo ubaguzi mwingi wa waumini hadi leo. Si kwamba mtu anamchukia kwa moyo wake wote mgeni wa rangi nyingine. Akiwa naye peke yao watacheka na kula pamoja. Ila shangazi akitokea, au rafiki wa zamani, au mzee anayeheshimiwa, uso hubadilika na kiti husogezwa. Halafu wengine huiga. Wayahudi waliobaki walimfuata Petro, na hata Barnaba akachukuliwa na unafiki wao. Barnaba, wapendwa! Yule aliyetumwa Antiokia mwanzoni, akaiona neema ya Mungu kwa watu wale na kufurahi. Kama alichukuliwa yeye, nani kati yetu atasema yuko salama?

Paulo hakuwaambia waamini wa Mataifa wawe wavumilivu kwa kuwa ndivyo binadamu walivyo. Aliona kwamba "hawaendi sawasawa na ile kweli ya Injili," akamwambia Kefa, yaani Petro, mbele ya wote. Kujitenga kulifanyika hadharani, na waliodharauliwa walikuwa wameketi pale pale wakiona. Kurekebishana faraghani kungemwachia Petro heshima yake na kuwaachia wao aibu yao.

Jambo hili limewahi kurudiwa karibu hatua kwa hatua. Mwaka 1829, huko Rasi ya Tumaini Jema, katika nchi iitwayo leo Afrika Kusini, sinodi, yaani mkutano mkuu, ya Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi iliamua kwamba Meza ya Bwana ni ya washirika wote pamoja, bila kujali rangi wala asili. Uamuzi ulikuwa sahihi, walikwisha kujua. Lakini baadhi ya washirika Wazungu hawakutaka kushiriki pamoja na ndugu zao wasio Wazungu, manung'uniko yakaendelea, na mwaka 1857 sinodi ikakaa tena. Ilisema kwamba inafaa, na ni kwa mujibu wa Maandiko, waongofu wasio Wazungu wapokelewe katika makanisa yaliyopo. Kisha ikaongeza kwamba pale ambapo jambo hilo lingezuia kazi ya Kristo kwa sababu ya udhaifu wa baadhi, waongofu hao waabudu mahali pao peke yao.

Udhaifu wa baadhi. Hiyo ndiyo hoja ya maumbile iliyovaa joho la kichungaji: watu ndivyo walivyo, tusiwalazimishe. Mwaka 1881 likaundwa kanisa tofauti kwa ajili ya waumini machotara. Ruhusa iliyotolewa kwa huruma ikawa desturi, desturi ikapata mafundisho ya kuitetea, na mwaka 1950 serikali ya Afrika Kusini ikapitisha sheria ya kumwandikisha kila raia kwa rangi yake. Sisemi sinodi ile peke yake ndiyo iliyozaa yote hayo. Ila nasema kwamba kanisa lilipoitambua dhambi kuwa udhaifu wa kawaida na kuijengea chumba chake, lilinyang'anywa sauti ya kuikemea ilipokuja kujenga nchi nzima.

Na udhaifu wanaoulinda Warumi 14 si wa namna hii. Mdhaifu wa Paulo ni mtu mwenye dhamiri nyepesi juu ya chakula, aliye hatarini kuvunjika. Hakuna mahali ambapo Paulo anamruhusu mdhaifu huyo amwondoe ndugu mezani. Kwenye sura inayofuata anawaagiza wote wakaribishane kama Kristo alivyowakaribisha.

Kuna jambo jingine ambalo historia ya sheria hizi inalifunua. Koloni la Virginia lilikataza ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine mwaka 1691, na katazo la namna hiyo lilikaa katika jimbo hilo mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipolifuta mwaka 1967. Afrika Kusini ilipitisha la kwake mwaka 1949. Kama watu wa rangi mbili wangekuwa wanachukizana kwa maumbile, kwa nini ziwepo adhabu za kuwazuia wasioane? Hakuna anayetunga sheria ya kuwakataza watu jambo wasilolitaka. Zilihitajika mahakama, polisi na madaftari ya usajili ili kuwatenga watu ambao, wakiachwa, wangependana na kuzaa.

Virginia hiyohiyo, mwaka 1667, ilitunga sheria kwamba ubatizo haumwondoi mtumwa katika utumwa wake. Yaani swali lilikuwa limeinuka lenyewe: mtu aliyebatizwa ni ndugu, na ndugu hamilikiwi. Dhamiri ilikuwa imeanza kusema, na sheria ikaja kuinyamazisha. Kila ninapofikiri habari hii moyo wangu huumia, kwa sababu walioitunga walikuwa watu wa kanisani.

Kwa hiyo anayeniuliza kama ubaguzi wa rangi ni asili yetu, namjibu hivi: mwelekeo wa kujipendelea tumezaliwa nao, kama tulivyozaliwa na hasira na tamaa. Lakini ubaguzi wa rangi wenyewe umejengwa, kwa mikono, kwa tarehe zinazojulikana, na waliokuwa na faida ndani yake. Tena hata kile tulichozaliwa nacho hakipati haki kwa sababu hiyo. Hatumwambii mzinzi kwamba tamaa ni ya kuzaliwa, basi aendelee. Tunamwambia habari za kuzaliwa mara ya pili.

Tafadhali wiki hii tusiishie kwenye kuchunguza hisia zetu, maana mtu anaweza kujichunguza mwaka mzima akajikuta hana chuki, na meza yake bado ikawa ya watu wa aina moja. Someni Matendo 6:1–6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuuliza nani ana chuki moyoni. Waliliambia kanisa lichague watu saba wa kusimamia jambo hilo, na majina ya waliochaguliwa yote ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao aliyekuwa mwongofu wa Antiokia. Ugawaji wa chakula uliwekwa mikononi mwa watu wenye majina ya upande uliokuwa ukilalamika.

Mtakapokutana, wekeni mezani orodha zenu: wanaohubiri, wanaoshika fedha, wanaosimamia misaada, wanaofanya usafi. Someni majina kwa sauti, mbele ya wote. Kama kuna kundi la waumini ambalo jina lake linaonekana kwenye orodha ya usafi pekee, waulizeni wenyewe wangependa nani asimamie nini, na mwekeeni mikono mtu huyo kabla ya Jumapili ijayo.