Kiti alichokalia Goudsmit

Wiki hii amenipigia simu profesa aliyenisimamia shahada ya uzamivu. Baada ya salamu na habari za nyumbani akauliza lile analouliza kila mara: maabara unarudi lini, mwanangu? Nikamjibu, "Sirudi, Mwalimu. Kazi yangu sasa iko huku." Akaniombea heri, ila najua hakuridhika. Kwake, na kwa wengi niliosoma nao fizikia, mhariri wa jarida la kisayansi ni mtafiti aliyeishiwa pumzi. Mimi siamini hivyo hata chembe, na kila hoja hii inapozuka humkumbuka Samuel Goudsmit, mwanafizikia aliyekuja kuwa mhariri.

Alizaliwa The Hague, Uholanzi, mwaka 1902. Mwaka 1925, akiwa bado mwanafunzi wa Paul Ehrenfest pale Leiden, yeye na mwenzake George Uhlenbeck walitoa wazo kwamba elektroni hujizungusha yenyewe kama pia wanayochezea watoto. Wazo hilo lilifumbua mafumbo ya mistari ya mwanga wa atomu yaliyokuwa yakiwasumbua wakubwa wao. Uhlenbeck akaenda kumwona mzee Lorentz, ambaye katika fizikia ya Uholanzi hakuna aliyeheshimiwa kumzidi. Lorentz akapiga hesabu, akaonyesha kwamba uso wa elektroni ya namna hiyo ungelazimika kwenda kwa kasi kupita mwanga. Vijana wakaingiwa na hofu, wakataka makala yao irudishwe. Ehrenfest akawaambia ameshaituma, na kwamba kwa umri wao wanaweza kumudu upuuzi mmoja. Ikatoka.

Upande wa pili wa habari hii huniuma. Mapema mwaka huohuo kijana mwingine, Ralph Kronig, alikuwa na wazo lilelile. Akamweleza mwanafizikia Wolfgang Pauli, Pauli akalikataa, na Kronig hakulichapisha. Pingamizi la Lorentz lilikuwa la haki, maana elektroni si kijimpira kinachozunguka. Lakini sifa hiyo ya elektroni, inayoitwa spini, ipo, na fizikia ya leo haisimami bila hiyo.

Jambo hili hunifikia mezani mara kwa mara: mhakiki, yaani mtaalamu anayeikagua makala kabla haijachapwa, ana haki katika analosema, na makala nayo inastahili kutoka. Hapo hakuna kanuni ya kukuamulia. Lazima uwe umewahi kukesha na data zako mwenyewe, ukajua ipi ni kelele tu na ipi ni dalili ya kitu. Ndiyo maana sikubali kuambiwa nimeiacha sayansi. Ninachokikosa, na nakikosa kwelikweli, ni ile saa ya kuona tokeo ambalo binadamu mwingine hajaliona. Sasa mimi ni mtu wa pili au wa tatu kuliona. Nimejifunza kuipenda nafasi hiyo.

Goudsmit alihamia Marekani mwaka 1927 kufundisha Michigan. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliongoza upande wa sayansi wa msafara wa Alsos, uliotumwa Ulaya kuchunguza Wajerumani walikuwa wamefika wapi na bomu la atomu. Akiwa huko alifika kwenye nyumba aliyokulia, wazazi wake wakiwa wameshauawa katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz mwaka 1943. Mtu aliyepitia hayo akarudi akakaa na miswada ya watu wengine kwa zaidi ya miaka 20, hadi 1974, akiwa mhariri wa Physical Review, jarida la fizikia la Marekani. Mwaka 1958 akaanzisha Physical Review Letters, jarida la makala fupi zenye matokeo yasiyopaswa kusubiri.

Kabla yake kiti cha mhariri wa Physical Review kilikuwa cha John Tate, mwanafizikia wa Minnesota aliyekishika tangu 1926 hadi alipofariki mwaka 1950. Mwaka 1936 Tate alipokea makala ya Albert Einstein na Nathan Rosen iliyodai kwamba mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya nguvu ya mvutano inayosafiri angani, hayapo. Jina la Einstein lingetosha kuipitisha bila swali. Tate akaipeleka kwa mhakiki, naye akaandika kurasa kumi za maswali. Einstein alikasirika, akasema hakumruhusu mtu kuonyesha makala yake kwa wataalamu kabla haijachapwa, akaiondoa. Mwaka uliofuata ikatoka katika jarida la Taasisi ya Franklin, hitimisho likiwa limegeuzwa, kwa sababu kosa lilikuwepo kweli. Mhakiki yule, Howard Robertson wa Princeton, alilieleza kosa hilo kwa msaidizi wa Einstein katika mazungumzo, bila kusema kwamba ndiye aliyeandika ile ripoti. Jina lake lilikuja kuthibitishwa hadharani mwaka 2005, yeye akiwa ameshafariki zamani. Februari 2016 tangazo la kunaswa kwa mawimbi hayohayo lilichapishwa katika jarida aliloanzisha Goudsmit.

Nawafikiria sana akina Robertson. Ninao wangu: walimu wa vyuo wenye madarasa makubwa na mishahara midogo, wanaonirudishia maoni usiku wa manane bila malipo wala jina. Barua zao huwa nazisoma mara mbili, na zenye ukali usio na faida nawaomba wazilainishe kabla hazijamfikia mwandishi.

Sasa hivi ninao muswada wa msichana anayeandika makala yake ya kwanza. Mhakiki mmoja ameusifu, mwingine ameukataa kwa hoja nzito kuhusu jinsi alivyorekebisha vipimo vya kifaa chake. Nimezipitia grafu zake tangu jana, na ile ya tatu hainitoki kichwani. Kesho nitamwomba data ghafi, kisha nimtafute mhakiki wa tatu.